Namna ya Kuondoa Mitungi ya Zamani ya Kuzimia Moto Bila Kumdhuru Mtu

Mtungi wa kuzimia moto una sehemu mbili zenye thamani kwa mnunuzi wa chuma chakavu: mwili, ambao kwa kawaida ni chuma, na kichwa, ambacho mara nyingi ni shaba. Shaba ina bei nzuri kuliko chuma. Kwa hiyo mtungi mwekundu ukifika Kisenyi au Katwe, jijini Kampala, Uganda, pa kwanza kupigwa nyundo ni kichwani, palepale kwenye vali inayozuia presha. Kijana anayepiga nyundo hiyo hana namna ya kujua kama ndani kumebaki kitu. Wewe uliyemuuzia ulikuwa nayo.

Naandika kwa ajili ya wenye mitungi: wenye maduka na gereji, wakuu wa shule, wasimamizi wa misikiti na makanisa, madereva wa taksi na malori, watunza stoo kuanzia Busia hadi Arua. Ukaguzi unapokaribia, mitungi mipya inanunuliwa, ya zamani inasukumwa chini ya ngazi. Inakaa hapo miaka. Halafu siku ya usafi bosi anapita na kusema, "Toeni hivyo vyuma hapa," na mtu wa kazi anavitoa kwa njia anayoijua yeye.

Kabla ya hatua zenyewe, ielewe presha. Presha hupimwa kwa bar. Tairi la gari dogo lina kama bar 2. Mtungi wa unga mkavu wenye geji hukaa na bar 12 hadi 15. Mtungi wa CO2 (gesi ya kaboni dioksidi) una zaidi ya bar 55 joto likiwa nyuzi 20, na joto likifika nyuzi 30 presha hupita bar 70. Stoo ya mabati ya pale Kampala saa nane mchana hufika joto hilo bila shida. Kwa sababu hiyo mtungi wa zamani hautupwi kwenye shimo la taka linalochomwa moto, hauchomwi kwa gesi ya kukatia vyuma, na haupelekwi kwenye tanuru la kuyeyushia ukiwa umefungwa. Chombo kilichofungwa kikipashwa moto hupasuka, na vipande vyake huruka.

Hatua ya kwanza: hakikisha kweli umekwisha

Sindano ya geji ikiwa kwenye nyekundu, mara nyingi maana yake presha imepungua. Mtungi wa namna hiyo unahitaji fundi, haujafika kutupwa. Mitungi mingi mizuri hutupwa kwa sababu hiyo tu, na pesa hupotea. Ratiba ya Waingereza, ambayo mafundi wengi huijua, ni ukaguzi kila mwaka, unga mkavu kufunguliwa na kujazwa upya kila miaka 5, na CO2 kupimwa uimara wa mtungi kila miaka 10. Vitungi vidogo vya gari visivyojazwa tena, vyenye kichwa cha plastiki, kwa utaratibu wa Wamarekani huondolewa miaka 12 tangu mwaka wa kutengenezwa uliopigwa mhuri kwenye mwili.

CO2 haina geji. Ipime kwenye mizani. Uzito wa mtungi mtupu umechongwa kwenye shingo au kwenye vali. Ujumlishe na uzito wa gesi ulioandikwa kwenye lebo. Mtungi wa kilo 5 ukipungukiwa na zaidi ya nusu kilo, mpelekee fundi aujaze.

Sasa tazama kitako. Mitungi mingi imevalishwa kikalio cha plastiki au mpira, na kila sakafu inapopigwa deki, maji ya sabuni huingia humo na kubaki. Ukiuangalia mtungi ukutani utaona rangi inang'aa, lebo safi, sindano kwenye kijani. Ukiuinamisha taratibu na kuchungulia chini ya kikalio, unakuta rangi imevimba kama malengelenge na chini yake kutu inabanduka magamba. Chuma cha hapo kimekuwa chembamba, na presha ndani bado ni ileile. Usikwangue kwa bisibisi kuona kutu imeingia kiasi gani. Usibonyeze kifyatulio kujaribu kama unafanya kazi. Simama kando, si juu yake.

Mtungi uliochimbwa na kutu, uliobonyea, uliowahi kuchomelewa, uliopitiwa na moto, au ambao nyuzi za vali zimelika, huo umekwisha. Tia alama ya rangi au karatasi yenye maandishi makubwa: UMEHARIBIKA, USIGUSE. Andika kwa Kiswahili, Kiluganda na Kiingereza kama mahali pako pana watu wa kila namna. Alama hiyo imwonye pia anayekuja usiku kuutafutia bei.

Hatua ya pili: jua kilichomo

Soma lebo. Kama lebo imefutika, rangi inaweza kusaidia, ila usiiamini peke yake. Katika desturi ya zamani ya Uingereza, ambayo ilienea katika makoloni yake, mtungi mzima ulipakwa rangi ya kilichomo: mwekundu maji, wa rangi ya maziwa povu, wa buluu unga, mweusi CO2, wa kijani haloni (aina nyingine ya gesi ya kuzimia moto). Siku hizi karibu yote ni myekundu, na rangi ya kilichomo imebaki kama ukanda au alama. CO2 utaitambua pia kwa ile pembe pana nyeusi na kwa uzito wake: mtungi mdogo lakini mzito kupita unavyotazamia.

Maji hayana neno, ukiacha presha yake.

Unga mkavu upo wa aina mbili kuu. Wa ABC ni fosfeti ya amonia pamoja na salfeti ya amonia. Wa BC mara nyingi ni bikaboneti ya sodiamu, ileile inayoumua keki. Kila mmoja peke yake si sumu kali, ila huwasha macho na kifua, na ule wa ABC ukipata unyevu hula chuma na nyaya. Lakini usiichanganye kwenye ndoo moja. Ikikutana na unyevu kidogo hupigana na kutoa gesi, na ndoo iliyofungwa huanza kuvimba.

Povu nalo linahitaji uangalifu. Lile la AFFF lina kemikali za florini za jamii ya PFAS, ambazo hazivunjiki kirahisi katika maji wala udongo. Baadhi yake zimewekwa katika Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa wa kudhibiti kemikali zisizooza, PFOS mwaka 2009 na PFOA mwaka 2019. Usilimwage popote.

Haloni ndiyo nyeti kuliko zote. Haloni 1211 ilipendwa kwenye vyumba vya mitambo, ndegeni na ofisini kwa sababu haiachi uchafu. Lakini nguvu yake ya kuharibu tabaka la ozoni ni mara 3 ya gesi ya CFC-11, ile ya mitambo mikubwa ya kupozea ya zamani. Chini ya Itifaki ya Montreal ya 1987, nchi tajiri ziliacha kuitengeneza mwaka 1994, na nchi zetu zikafikia mwisho wake mwaka 2010. Ukikuta mtungi wa kijani, au wenye maneno BCF au Halon 1211, usifyatue hata kidogo. Ufunge mahali penye baridi na uijulishe NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ambako ndiko masuala ya ozoni yanakoshughulikiwa Uganda. Gesi hiyo hunyonywa kwa mashine na kuhifadhiwa.

Kuna na vikongwe vingine, hasa kwenye majengo ya enzi za mkoloni: bomba la mkono la shaba lenye kimiminika chenye harufu tamu ya kulevya, yaani tetrakloridi ya kaboni, ambayo ikipata moto hutoa gesi ya sumu, fosjini, na mitungi ya shaba ya soda na asidi inayofanya kazi kwa kupinduliwa. Hii huwavutia watu kama mapambo. Usiipindue, usiifungue. Muite mtaalamu.

Hatua ya tatu: hifadhi na usafirishe vizuri

Pini ya usalama ibaki mahali pake. Kama imepotea, ingiza waya mgumu au msumari usiolegea na uufunge kwa uzi. Simamisha mitungi wima kivulini, mbali na jiko, mbali na watoto. Isilazwe mahali inapoweza kubingirika.

Njiani, ifunge kamba isianguke. Boda boda si chombo cha kazi hii: mtungi uliopakatwa na abiria, ukianguka na kichwa kikagonga lami, unaweza kuruka kama kombora. CO2 isiwekwe ndani ya gari dogo lililofungwa vioo, kwani ikivuja dereva hukosa hewa bila kusikia harufu yoyote. Pikapu iliyo wazi nyuma ndiyo inayofaa. Nenda asubuhi kabla jua halijawa kali.

Hatua ya nne: mpe anayestahili kuupokea

Anza na aliyekuuzia au kampuni inayokujazia. Siku unanunua mipya ndiyo siku una nguvu ya kudai, kwa hiyo liweke sharti hilo kwenye ununuzi: "Nanunua mipya kutoka kwako, na hii ya zamani unaichukua." Wengi watakubali, kwa kuwa vipuri vya kichwa na mpira wa kutolea unga bado vina kazi. Lakini muulize fundi mambo haya hapohapo, uso kwa uso: Presha utaitolea wapi? Unga utaupeleka wapi? Mtungi uliokufa utautoboa? Utanipa karatasi? Fundi anayeijua kazi yake hujibu bila kusitasita. Anayejibu, "Usijali, mzee, tutaona," huyo mtungi wako huenda akaupaka rangi, akabandika kibandiko kipya na kuurudisha sokoni. Mtu ataununua akidhani amenunua usalama, na siku ya moto atabonyeza kitu kisichotoka. Kwa mipya unayonunua, tafuta alama ya UNBS, shirika la viwango la taifa.

Mlango wa pili ni Zimamoto. Kwa Uganda, Zimamoto na Uokoaji ni kurugenzi ya Polisi, kwa hiyo nenda kituoni umwone afande wa zamu, umweleze una mitungi ya aina gani na hali yake ikoje. Hata kama kituo hakipokei mitungi, atakwambia fundi gani wa eneo hilo anafanya kazi ya kueleweka. Tena afande anaweza kukubali kuendesha mafunzo kwenu, na mafunzo hayo, kama utakavyoona hapa chini, hutatua nusu ya kazi yako.

Kwa povu, haloni, au mitungi mingi ya kiwandani, unahitaji mbebaji taka mwenye leseni ya NEMA. Sheria ya Taifa ya Mazingira ya 2019 na kanuni za taka za 2020 zinambebesha mwenye taka wajibu wa kuhakikisha zimefika mahali halali, kwa hiyo kusema "nilimpa mtu" hakukuondolei mzigo. Muombe akuonyeshe leseni kabla hajapakia. Huko wilayani, mtu wa kumuuliza ni afisa mazingira wa wilaya. Mwenyekiti wa LC (baraza la mtaa) wako atakuelekeza kwenye ofisi ya afisa huyo.

Lori la taka la kila wiki silo jibu. Tarehe 10 Agosti 2024 lundo la Kiteezi, dampo la taka za Kampala, liliporomoka na kufukia nyumba na watu, na tangu hapo kila mtu anajua kwamba dampo lina watu: wanaookota plastiki, mifupa, vyuma. Mtungi unaoingia kwenye lori huko hubanwa na mashine, kisha hufikia mkono wa mwokotaji.

Hatua ya tano: kutoa presha

Hii ni kazi ya fundi. Naieleza ili ukimwona akiifanya ujue kama anaifanya vizuri, na ili mwenye mtungi mzima wa unga aliye mbali na mji asije akabuni njia yake mwenyewe.

Mtungi wenye kutu iliyochimba haufyatuliwi na mtu asiye na vifaa. Ule mzima ambao muda wake tu umefika, tumia kwa mafunzo. Wakusanye wafanyakazi au walimu uwanjani, washa moto mdogo kwenye karai la chuma, upepo uwe mgongoni, na kila mtu avute pini, aelekeze mpira kwenye kitako cha moto, abonyeze, apangusie kushoto na kulia. Wengi hawajawahi kusikia ule mshindo wa kwanza wa unga, na hushtuka wakauachia mtungi. Afadhali washtuke siku hiyo. Baadaye fagia unga ukiwa mkavu na uuweke kwenye mfuko. Usiupige maji.

Kama hutaki kutawanya unga, ipo njia ya mafundi kwa mitungi yenye geji. Ndani kuna bomba linaloshuka kutoka kwenye vali hadi karibu na kitako. Mtungi ukisimama, bomba hilo hunyonya unga. Ukiupindua kichwa chini, ncha ya bomba hubaki kwenye gesi, na ukibonyeza hutoka gesi na vumbi kidogo tu. Mdomo wa mpira uingizwe kwenye gunia zito au ndoo iliyofunikwa kwa kitambaa, uvae miwani na barakoa, na usimame kando ya mtungi. Endelea kubonyeza hata baada ya sauti kuisha. Sindano ikisoma sifuri, usiiamini upesi: unga ulioganda huziba njia ya vali, na geji iliyoharibika husoma sifuri siku zote. Uache usiku kucha kifyatulio kikiwa kimefungwa kwa waya kibaki wazi.

Kesho yake fundi anabana mwili kwenye jiliwa na kufungua kichwa kwa spana, robo mzunguko kwa robo mzunguko, uso wake ukiwa pembeni. Akisikia mlio wa hewa kwenye nyuzi anasimama na kusubiri uishe kabla ya kuendelea. Ukiona fundi anaanza kwa nyundo, chukua mtungi wako uondoke.

Mtungi usio na geji wenye kitufe cha kugonga juu una kidonge cha gesi, yaani kichupa kidogo cha chuma chenye gesi iliyobanwa, ndani au ubavuni. Mwili wake hauna presha mpaka kidonge kitobolewe, na kidonge chenyewe ndicho bomu dogo. Lazima kitolewe na kushughulikiwa peke yake. Nimeona vidonge hivi vikiwa ndani ya debe la misumari dukani, na watoto wanavichezea kama risasi.

CO2 hufyatuliwa nje kwenye uwazi, kamwe si kwenye shimo, chumba au kontena, kwa sababu ni nzito kuliko hewa na hutuama chini. Itolewe kwa vipindi vifupi, mtungi ukiwa umefungwa kwenye nguzo. Usishike pembe kwa mkono mtupu: gesi ikitoka huganda kuwa barafu kavu ya nyuzi 78 chini ya sifuri, na ngozi hubaki pale. Mwisho upime kwenye mizani. Uzito ukilingana na ule uliochongwa kwenye shingo, umekwisha. Vali ya CO2 isifunguliwe na mtu asiye na mafunzo, hata mtungi ukiwa mtupu.

Hatua ya sita: unga na povu

Unga uingie kwenye mfuko mzito wa plastiki, mfuko ndani ya mfuko, uandikwe aina yake, na upelekwe pamoja na mitungi kwa mbebaji mwenye leseni. Wapo watakaokuambia ABC ni mbolea, uutupe shambani. Ni kweli fosfeti na amonia zimo kwenye mbolea, lakini unga huu umepakwa silikoni ili usinyonye maji, una viongezwa vingine, na haukupimwa kwa ajili ya mimea. Usiuweke kwenye mboga za watu.

Mtaroni ni vibaya zaidi. Maji ya mitaro mingi ya katikati ya Kampala huingia mfereji wa Nakivubo, mfereji unamwaga kwenye ghuba ya Murchison, na ni kwenye ghuba hiyohiyo ambako mitambo ya Ggaba inachota maji ya kunywa ya jiji. Fosfeti hulisha ule mwani wa kijani unaoonekana ufukweni. Povu la PFAS likiingia humo halitoki. Libaki ndani ya mtungi wake au ndani ya dumu lenye kifuniko hadi likabidhiwe.

Hatua ya saba: mwili uwe chuma tu

Kichwa kikishatolewa na ndani kukiwa kweupe, mtungi utobolewe matundu mawili makubwa, au ukatwe katikati. Mnunuzi wa chuma aone mwanga ukipita, na asiwepo wa kuujaza tena. Hapo uza kwa kilo kwa moyo mweupe, shaba yake kando. Mtungi mtupu usiotobolewa usigeuzwe tangi la kompresa, wala chombo cha maji au pombe. Mabaki ya kemikali hubaki kwenye mikunjo ya ndani hata ukiosha.

Hatua ya nane: karatasi, na ndoano ya ukutani

Shule na ofisi za serikali haziruhusiwi kuondoa mali kimyakimya: mtungi umo kwenye daftari la mali, na uondoaji wake unafuata sheria ya PPDA ya 2003, ile ya ununuzi na uondoaji wa mali ya umma. Pitisheni kwenye kamati kwanza. Shirika au duka binafsi nalo liandike namba ya mtungi, aina, hali yake, tarehe ya kutoka na jina la kampuni iliyochukua, kisha liambatishe stakabadhi.

Mtungi mpya utundikwe kabla wa zamani haujashuka. Mabweni ya shule ya Budo Junior mwaka 2008 na ya shule ya wasioona ya Salama, Mukono, mwaka 2022 yaliungua usiku wanafunzi wakiwa ndani, na moto wa bwenini hausubiri fundi arudi Jumatatu. Kama fundi lazima aondoke na mitungi kwa siku kadhaa, mdai ya kuazima, tena aitundike yeye mwenyewe kabla hajapakia ya kwenu. Namba ya dharura, 999 au 112, iandikwe ukutani karibu na ndoano, kwa herufi zinazosomeka gizani kwa mwanga wa simu.